Rufaa Mbili

Soma kwa ajili ya somo hili: Kutoka 21:18-32, Walawi 13:1-8, Luka 18:1-8, Luka 19:1-10, Matendo 25:1-12, 26:30-32, 28:17-20, 1 Wakorintho 6:1-8.

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya Mbeya na Zambia inapita hapo, reli ya TAZARA inapita hapo, na hapo ndipo magari ya Njombe na Songea yanapochepuka kwenda kusini. Mgonjwa wa Makambako akiambiwa kwamba ugonjwa wake umezidi uwezo wa zahanati, hupewa karatasi. Karatasi hiyo inaitwa rufaa. Huenda ikampeleka Njombe, mwendo wa kilomita 60 hivi, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, au, ikiwa ni saratani, Taasisi ya Saratani Ocean Road iliyoko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600.

Aliyeshindwa kesi naye hutumia neno hilo hilo: anakata rufaa. Neno limetoka katika Kiarabu, kwa maana ya kuinua. Jambo linainuliwa kutoka mikononi mwa aliyelitazama kwanza na kupelekwa kwa mwingine alitazame upya. Zahanati na mahakama ni nyumba mbili zisizofanana, lakini katika neno hili zinakiri kitu kimoja, kwamba aliyetazama kwanza huenda hakuona yote.

Basi swali la somo ni hili. Mtu aliyenyimwa rufaa ya kwanza, ile ya hospitali, je, ana haki mbele za Mungu ya kuidai ile ya pili? Na kama mahakama nayo ikimkatalia, je, aliyemkosea amewekwa huru?

Darasa lichukue mfano ufuatao. Umetungwa kwa ajili ya kujifunza na haumhusu mtu fulani, ingawa kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la kituo cha afya ataona kwamba haukutoka mbali. Mama wa miaka 46, muuza viazi kando ya barabara kuu Makambako, anaanza kutokwa damu kwa namna isiyo ya kawaida. Anakwenda zahanati binafsi iliyo jirani. Tabibu wa pale ni dada wa kanisa hilo hilo, kwa umri anatosha kuwa binti yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, daktari."

Tabibu anamsikiliza, anaandika kwenye daftari, kisha anasema, "Ni maambukizi tu, mama. Meza hizi siku saba." Mwezi wa tatu mama anarudi, anabadilishiwa dawa. Mwezi wa sita anarudi tena. Anaongezewa vidonge vya kuongeza damu. Haipo siku hata moja aliyopandishwa kitandani akatazamwa mlango wa kizazi. Mwezi wa kumi na moja binti yake anampakia basi hadi Njombe. Huko anapimwa, kipande kidogo cha nyama kinakatwa na kupelekwa maabara, na majibu yanasema ni saratani iliyokwisha kuenea.

Sheria ya Ukomo humpa mtu miaka 3 kufungua shauri la namna hii. Mama anafungua. Mahakama Kuu inasema mambo mawili. La kwanza, tabibu alifanya uzembe. Ilimpasa kumpima mama, au kumpa rufaa kwa mwenye uwezo wa kumpima. La pili, mtaalamu ameeleza kwamba hata siku ile ya kwanza ugonjwa ulikuwa umekwisha kukua, na kati ya wanawake 100 wenye hali kama hiyo wangepona 40 tu. Kesi za madai hupimwa kwa mizani ya uwezekano: jambo huhesabiwa kuwa limethibitika likielemea upande mmoja kupita nusu. Arobaini haipiti nusu. Kwa hiyo, inasema mahakama, yaelekea mama huyu asingepona hata kama angepewa karatasi yake mapema. Shauri linatupwa. Amebaki na siku 30 za kuwasilisha taarifa kwamba anakusudia kwenda Mahakama ya Rufani.

Washiriki wanamjia nyumbani. Mmoja anamwambia aende hadi mwisho. Mwingine anamwambia kwamba mwana wa Mungu hapandi ngazi za mahakama kumfuata ndugu yake.

Siku saba, kisha siku saba

Soma Walawi 13:1-8. Kuhani alitakiwa kufanya nini alipokuwa hana hakika?

Sura hii huchosha wengi, na katika mpango wa kusoma Biblia kwa mwaka mmoja ndiyo inayorukwa kimyakimya. Ni hasara. Kuhani wa Walawi 13 hakutoa dawa wala hakupasua. Kazi yake ilikuwa kutazama na kutamka. Alama ikiwa dhahiri, alitamka. Isipokuwa dhahiri, hakuruhusiwa kubahatisha upande wowote. Hakumwambia mtu kwamba ni kipele tu, aende zake nyumbani. Wala hakumtoa kambini kwa hofu. Alimtenga siku saba, akamtazama. Alama ikiwa imesimama pale pale, alimtenga siku saba nyingine, akamtazama tena. Ndipo alipotamka.

Fungu la 7 linakwenda mbali zaidi. Mtu amekwisha kutamkwa kuwa safi. Analo neno la kuhani mwenyewe. Kisha alama inaenea. Torati inasema ajionyeshe kwa kuhani mara ya pili, na kuhani amtazame. Hakuna adhabu kwa aliyerudi. Wala kuhani hakupewa nafasi ya kujibu kwamba alikwisha kutamka. Neno lake la kwanza lilitokana na alichokiona siku ile. Sasa ngozi imesema neno jipya, naye anawajibika kulisikia.

Hapa ndipo kosa linapotengana na uzembe, na darasa lisipite haraka. Yawezekana kabisa kwamba siku ya kwanza tabibu wa Makambako hana lawama. Damu ina sababu nyingi, na maambukizi ni mojawapo. Hakuna Torati, wala sheria ya Tanzania, inayodai tabibu asikosee kamwe. Lakini mama alijionyesha mara ya pili, na mara ya tatu. Mwili ulisema neno jipya, tabibu akasoma daftari la zamani.

Kutoka 21:28-29 inaongeza jambo jingine. Ng'ombe asiyekuwa na desturi ya kupiga pembe akimwua mtu, mwenyewe hana hatia. Ikiwa desturi hiyo ilijulikana, mwenyewe akaonywa na asimzuie, hukumu inabadilika kabisa, na kilichoibadilisha ni kujua. Sasa mkoani Njombe ng'ombe huyu anajulikana. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya kuipata mara 6 zaidi ya asiye na VVU, na utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 uliukuta mkoa wa Njombe ukiongoza kwa maambukizi ya VVU, asilimia 12.7 ya watu wazima. Ndiyo maana kuna uchunguzi wa siki: mtoa huduma hupaka asidi ya siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, husubiri kidogo, na hutazama kama kuna sehemu inayogeuka kuwa nyeupe. Ndiyo maana chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Kwa mama aliyekwisha kutokwa damu miezi mitatu, kutazama kwa macho tu kungeweza kutosha kumfanya tabibu aandike rufaa. Asiyejua habari za ng'ombe anaweza kusamehewa. Tabibu wa Makambako hawezi kusema hakuonywa.

Arobaini na mbili kati ya mia

Watu wakisikia habari za uzembe wa kitabibu hukumbuka makosa yanayoonekana. Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, vijana wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishwa: aliyekuwa na tatizo la goti alifunguliwa kichwa, na mwenye uvimbe kichwani akapasuliwa goti. Huyo wa pili alifariki baadaye. Taifa zima lilielewa bila kufafanuliwa, kwa sababu kovu lilikuwa mahali pasipostahili.

Saratani isiyoonwa ni jambo la aina nyingine. Hakuna aliyemkata mama wa Makambako. Ugonjwa haukuletwa na tabibu. Kilichopotea ni miezi, na ndani ya miezi hiyo nafasi ya kupona. Je, nafasi ni kitu? Mtu anaweza kuibiwa nafasi kama anavyoibiwa gunia la viazi?

Swali hilo lilifika mbele ya majaji wa juu kabisa wa Uingereza katika shauri la Gregg dhidi ya Scott. Linafaa kujulikana hapa, kwa kuwa madai ya namna hii nchini Tanzania yamejengwa juu ya sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa 22 Julai 1920, na hukumu za huko za baadaye, ingawa hazizifungi mahakama za Tanzania, bado hutegwa sikio.

Novemba 1994 Bwana Gregg alimwonyesha Daktari Scott uvimbe chini ya kwapa la kushoto. Daktari akamwambia ni mafuta yaliyokusanyika, hakuna la kufanya. Mwaka uliofuata daktari mwingine alimpeleka hospitali, ikaonekana ni saratani ya mitoki. Jaji aliyesikiliza shauri aliona kwamba daktari wa kwanza alifanya uzembe, kwa kuwa ilimpasa kumpeleka mgonjwa akachunguzwe, na kwamba matibabu yalichelewa kwa miezi 9. Aliona pia kwamba uwezekano wa kupona ulishuka kutoka asilimia 42 hadi asilimia 25. Na kwa kuwa 42 haifiki nusu, Gregg hakupata kitu. Akakata rufaa. Mahakama ya Rufaa ikamkatalia, jaji mmoja kati ya watatu akipinga. Akaenda Baraza la Malodi, ambalo wakati ule ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho. Tarehe 27 Januari 2005 akashindwa tena, kwa majaji watatu dhidi ya wawili. Jumla majaji 9 walilitazama jambo lake, na 3 walikuwa upande wake.

Lord Hoffmann, mmoja wa waliomkatalia, alijenga hoja juu ya visababishi. Kila jambo lina chanzo chake, na kile watu wanachokiita bahati ni jina la kutojua kwao. Siku Gregg alipovua shati mbele ya daktari, mwili wake ulikuwa ama wa watakaopona ama wa wasiopona. Mahakama haijui ni upi, hivyo aliyebeba mzigo wa kuthibitisha ameshindwa kuthibitisha. Mwamini ataona sehemu ya kweli katika hoja hiyo. Mbele za Mungu hakuna mtu wa asilimia 42. Lakini tabibu si Mungu, na wajibu wake siku ile ulipimwa kwa kile mwanadamu alichoweza kujua siku ile. Kwa elimu ya mwanadamu Gregg alifika na 42, akaondoka akielekea 25.

Lord Nicholls, aliyekuwa upande wa Gregg, aliliona hilo. Mgonjwa mwenye 60 akipokonywa zote analipwa. Mwenye 40 akipokonywa zote anaambiwa hakupoteza kitu. Wajibu wa daktari kwa huyu wa pili unabaki ganda tupu, na wote wawili walikwenda kwa daktari kuokoa walicho nacho. Ni hoja nzito kuliko ile ya Hoffmann. Mgonjwa mwenye kumi kati ya mia haendi kliniki akiwa anatafuta hamsini na moja. Anakwenda kwa sababu ya zile kumi. (Na Gregg mwenyewe, ambaye hesabu ilikuwa imempa 25, alikuwa bado hai rufaa yake iliposikilizwa.)

Mkulima wa Njombe anaweza kulipima jambo hili shambani. Ana vinyungu vyake bondeni, amepanda viazi vya kiangazi. Mwezi wa tano ng'ombe wa jirani wanaingia na kukanyaga kila kitu. Jirani anajitetea: "Kila mtu anajua baridi ya Juni na Julai inavyounguza viazi vya bondeni. Miaka sita kati ya kumi havivunwi. Hivi vyako navyo huenda visingevunwa. Sidaiwi kitu." Wazee wa kijiji wangemsikiliza hadi mwisho, pengine mmoja angetabasamu. Wasingemtoza bei ya mavuno kamili, maana baridi ni kweli. Lakini wasingemwacha aende mikono mitupu.

Mahakama ya Juu ya jimbo la Washington, Marekani, mwaka 1983 iliamua kwa namna inayokaribia ya wazee hao, katika shauri la Herskovits. Mgonjwa huyo alikuwa na saratani ya mapafu iliyochelewa kugunduliwa. Uwezekano wake wa kuishi miaka 5 ulishuka kutoka asilimia 39 hadi 25, na mahakama ya kwanza ikalifuta shauri kwa sababu ile ile ya nusu. Rufaa ikakatwa, na mahakama ya juu ikasema shauri lisikilizwe, maana kupunguziwa nafasi ya kuishi ni hasara ambayo sheria inaweza kuiona.

Haki inadai upande wa pili nao usikiwe. Baroness Hale, mmoja wa waliomkatalia Gregg, aliuliza itakuwaje kwa wengine. Nafasi ikianza kulipwa kwa asilimia kwa walio chini ya nusu, italipwa kwa asilimia kwa wote. Mwenye 60 anayepata leo fidia kamili atapata 60 tu. Swali hilo halina jibu jepesi, na waliolijibu kwa kumkatalia Gregg hawakuwa watu wasio na huruma. Kwa hiyo mama wa Makambako ana hoja ya kweli ya kupeleka mbele, na anaweza kabisa kushindwa nayo.

Njia ya Paulo

Soma 1 Wakorintho 6:1-8, kisha Matendo 25:9-12. Je, ni Paulo yule yule?

Ndiye. Mtume aliyewakemea Wakorintho kwa kushtakiana mbele ya wasioamini ndiye aliyesimama mbele ya Festo akakata rufaa kwa Kaisari. Mafungu haya hayapingani, ila yanakataa kutumiwa kama rungu. Wakorintho walikimbilia mahakama bila kumtafuta hata mtu mmoja mwenye hekima kati yao. Basi swali la kwanza kwa kanisa la Makambako si kama mama alikwenda mahakamani. Ni kama kabla ya hapo kulikuwa na mtu aliyewaketisha yeye na tabibu. Mara nyingi hakuna. Mgonjwa anaona aibu kuusema ugonjwa wenyewe, na tabibu ameshauriwa na wakili asitamke neno samahani lisije likageuka ushahidi. Wanabaki wakisalimiana "kamwene" mlangoni mwa kanisa kana kwamba hakuna kilichotokea.

Na fungu la 7, linalouliza kwa nini msikubali kudhulumiwa, limeelekezwa kwa nani? Kwa aliyedhulumiwa. Kukubali kudhulumiwa ni sadaka yake yeye. Mzee wa kanisa hawezi kumtolea. Anayemwambia mama wa Makambako anyamaze kwa ajili ya jina jema la kanisa anatoa sadaka isiyo yake. Akiamua mwenyewe kuacha, kwa sababu nguvu zimekwisha na nauli za Dar es Salaam zimemaliza akiba, asihesabiwe mwoga. Akiamua kuendelea, asihesabiwe mpenda fedha. Mjane wa Luka 18 alirudi na kurudi kwa kadhi asiyemcha Mungu, akitaka haki yake, na Yesu hakumkemea.

Hata hivyo Paulo hakukata rufaa kama watu wengi wanavyokata. Kabla ya kumtaja Kaisari alisema kwamba kama ametenda neno la kustahili kufa, hakatai kufa. Yaani alikuwa tayari kusikia asichopenda. Kisha rufaa ilimgharimu. Matendo 26:32 yatuonyesha Agripa akisema kwamba mtu huyu angeweza kufunguliwa kama asingalikata rufaa. Alipelekwa baharini, akavunjikiwa merikebu, akakaa Rumi chini ya ulinzi miaka miwili. Na alipofika Rumi akawaita wakuu wa Wayahudi, akawaeleza kwamba alilazimika kukata rufaa, lakini hana neno la kulishtaki taifa lake (Matendo 28:19). Watu wa taifa hilo walikuwa wamefanya njama ya kumwua. Paulo alipeleka jambo lake mbele bila kuwapeleka wao.

Rufaa mbili zinaweza kuandikwa kwa maneno yale yale na wakili yule yule, moja ikitaka kweli itamkwe, nyingine ikitaka kumwona dada fulani akilia. Msajili wa mahakama hawezi kuzitofautisha. Mwenye rufaa anaweza, akijiuliza kama angeridhika tabibu akija nyumbani kesho na kusema wazi alichokosa. Kama angeridhika, basi anachotafuta pengine kinapatikana kwa njia nyingine pia, kwa mfano kupeleka malalamiko Baraza la Madaktari Tanganyika, ambako kinachochunguzwa ni mwenendo wa mwanataaluma. Kama asingeridhika kwa lolote, hata majaji wote wa Mahakama ya Rufani hawatamponya jeraha hilo.

Aliyeshinda

Mazungumzo ya namna hii humwelekea mgonjwa tu: asamehe, asisamehe, akate, asikate. Tabibu anaachwa aende nyumbani kwa amani kwa sababu ameshinda. Lakini hukumu ilisema mambo mawili, naye amesikia la pili tu.

Linganisha Marko 5:26 na Luka 8:43. Marko anasema mwanamke yule aliteswa mengi na matabibu wengi na hali yake ikazidi kuwa mbaya. Luka anasema tu kwamba hakuna aliyeweza kumponya. Luka mwenyewe alikuwa tabibu (Wakolosai 4:14), na wasomaji wengi wametabasamu hapo. Tabia ya kusitiriana katika kazi si ya Luka pekee. Kipimo kilichowekwa Uingereza mwaka 1957 katika shauri la Bolam kilisema daktari hana uzembe akifuata njia inayokubaliwa na kundi la madaktari wenzake wenye kuwajibika; ilichukua miaka 40, hadi shauri la Bolitho, kwa malodi kusema wazi kwamba mahakama inaweza kuikataa njia hiyo isipokuwa na mantiki.

Zakayo hakuwahi kushtakiwa. Hakuna mahakama ya Yeriko iliyomtia hatiani, na kazi yake ilikuwa halali kwa Rumi. Alisimama mwenyewe, akasema kwamba kama amemnyang'anya mtu kitu kwa hila atamrudishia mara nne. Hakungoja mtu athibitishe kwa mizani ya uwezekano. Kutoka 21:19 nayo, kwa habari ya mtu aliyempiga mwenzake asife, inamtaka amlipe kwa muda wake alioupoteza na kuhakikisha ameponywa. Ni deni la muda na matunzo, na tabibu mwenye mshahara mdogo anaweza kulilipa sehemu: nauli ya kwenda Ocean Road, siku za kukaa naye wodini, chakula cha watoto wa yule binti anayemuuguza.

Wala si yeye peke yake. Kutoka 21 inamfuata mwenye ng'ombe, na zahanati ina mwenyewe. Nani alikataa kununua kifaa cha kupimia mlango wa kizazi? Nani alimwacha tabibu mmoja na benchi lililojaa tangu alfajiri? Kanisa lisisikilize haya kama habari za wengine. Waadventista wanaendesha hospitali zao, Heri kule Kigoma ikiwa mojawapo, na siku moja mjibu rufaa aliyeshinda anaweza kuwa kanisa lenyewe, likiwa na wakili mzuri.

Robo hii Meza ya Bwana imeangukia Sabato iliyo ndani ya zile siku 30. Wanaume wamekwenda chumba chao kwa ajili ya kutawadhana miguu. Kina mama wamebaki, maji ya moto yamechanganywa na ya baridi kwa sababu ya kipupwe. Tabibu yupo, ameketi karibu na mlango. Mama yupo, shuka mabegani. Taarifa ya rufaa imekwisha kuandikwa lakini haijapelekwa. Imo katika mkoba wa binti yake. Soma Mathayo 5:23-24 na Yohana 13:12-15, kisha darasa lijibu: ni nani kati yao anayepaswa kuinuka na kuchukua beseni? Na akiisha kulichukua, je, karatasi iliyomo mkobani ibaki humo, au Jumatatu ipelekwe?